Ada ya Januari, mavuno ya Juni

Pendekezo lile niliandika mimi, kwa mkono wangu. Lilikuwa sentensi moja: mwanafunzi ambaye hadi tarehe 15 Februari hajalipa nusu ya ada ya mwaka arudi nyumbani, na asipokelewe getini bila risiti ya benki. Bodi ililipitisha kwa muda usiofika dakika kumi. Ilikuwa Novemba 2018, joto la Dodoma lile la kabla ya mvua, na kila mmoja wetu alitaka kikao kiishe.

Nilikaa kwenye bodi hiyo miaka sita, 2018 hadi mwisho wa 2023. Shule ni ya sekondari, ya wasichana, ya bweni, nje kidogo ya jiji, na mmiliki wake ni shirika la masista. Jina lake naliacha. Niliingia kama mwakilishi wa wazazi kwa sababu binti yangu alikuwa kidato cha pili, na kwa kuwa nimefanya kazi ya uhasibu maisha yangu yote, kikao cha kwanza tu nikapewa kamati ya fedha.

Hali ya fedha ilikuwa mbaya, sitaki msomaji adhani tulikuwa watu wakatili waliokosa kazi. Mwenye ghala wa Kibaigwa aliyetuuzia mahindi alikuwa ameshakataa kutukopesha tena. Walimu walipokea mshahara nusu nusu. Huko nje watu wanaamini shule ya Kanisa haifilisiki, kwamba kuna mzungu mahali fulani anatuma hela. Mzee mmoja wa parokia yetu aliniambia wazi kwamba Baba Askofu akipiga simu moja tu Italia, mambo yanaisha. Mapadre Wapasionisti waliolea Ukatoliki hapa Dodoma walitoka Italia kweli, lakini zama hizo zimepita. Shule za misheni zenyewe zilitaifishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hizi tulizonazo sasa nyingi zilijengwa upya baadaye, tofali kwa tofali, zikiendeshwa kwa ada. Halafu Januari 2016 shule za umma zikaacha kutoza ada hadi kidato cha nne. Kabla ya hapo mzazi alilipa shilingi 20,000 kwa mwaka kutwa na 70,000 bweni. Lilikuwa jambo jema kwa nchi, nami nililifurahia, lakini sisi tulipoteza wanafunzi, na mzazi aliyebaki kwetu akawa na haki ya kuuliza analipia nini.

Basi niliandika ile sentensi.

Februari 2019 ilipofika, orodha ilisomwa mstarini asubuhi. Wasichana thelathini na kitu. Waliita kwa lugha yao, "tumefukuzwa ada." Walipewa saa mbili wafunge mizigo yao, magodoro wakaacha, wakatembea hadi barabarani kusubiri daladala ya kwenda stendi. Mimi sikuwepo siku hiyo. Nililetewa ripoti kwamba zoezi limekwenda vizuri, na ndani ya wiki ile karibu nusu yao walirudi na risiti. Nilifurahi. Nakumbuka nilimwambia mume wangu kwamba wazazi hela wanazo, wanasubiri kusukumwa.

Mmoja wa wale wasichana alikuwa binti wa katekista, kutoka kijiji kimoja cha Chamwino upande wa Mtera. Kidato cha tatu, darasa moja na wangu. Siku ya tisa, mama lishe wa karibu na stendi alimleta parokiani baada ya misa ya asubuhi. Msichana alikuwa amemwomba kazi ya kuosha vyombo, akilala kwenye chumba cha wasaidizi wake, akiweka hela kidogo kidogo ili atimize nusu ya ada arudi shule. Yule mama aliona sweta ya shule ndani ya begi, akauliza mara ya kwanza akadanganywa, akauliza mara ya pili.

Nyumbani walijua yuko shule. Shuleni tulijua yuko nyumbani.

Siku tisa. Namba ya simu kwenye fomu yake ya kujiunga ilikuwa ya jirani, na huko mtandao hushika ukipanda kichuguu. Hakuna aliyejaribu mara ya pili kupiga. Utaratibu wangu haukusema apigiwe mtu. Ulisema arudi nyumbani, kama vile nyumbani ni chumba cha pili.

Alikuwa mzima, na kwa hilo namshukuru Mungu na namshukuru yule mama wa stendi, ambaye kwa siku tisa alikuwa mlezi wa mtoto wetu bila posho ya kikao. Baba yake alikuja kumchukua. Hakumrudisha kwetu. Alimwandikisha shule ya kata.

Wajumbe tulilizungumza kwa masikitiko, tukaandika kwenye muhtasari kwamba "mawasiliano na wazazi yaboreshwe." Ningeweza kuishia hapo kama si Julai.

Julai mwaka huohuo nilikuwa ofisi ya mhasibu wa shule nikikagua vitabu vya nusu mwaka, akaingia mwanaume mwembamba, suruali imejaa vumbi la safari, kofia mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu, baba."

"Mama, nimekuja kumaliza deni la mtoto."

Akataja jina. Mhasibu akanitazama, kwa sababu jina lilishakatwa kwenye daftari. Nikamwambia, "Mwalimu, mtoto hayupo tena hapa, na deni tumelifuta. Rudi na hela yako." Kule vijijini katekista huitwa mwalimu, na mimi nimekulia huko.

Akasema hapana. Mtoto alikula chakula cha shule muhula mzima wa mwaka jana, na chakula hicho kilinunuliwa na mtu. Ameuza magunia manne ya alizeti. Akahesabu noti juu ya meza, laki moja na elfu themanini, nyingine zimekunjwa hadi zimelegea. Halafu akasema neno ambalo tangu siku hiyo sijakaa kwenye bajeti yoyote bila kulisikia: "Kwetu mwezi wa kwanza ni njaa, mama. Mwezi wa kwanza mtu anatafuta chakula na mbegu, na anapalilia kwa nguvu za uji. Mngeniambia Julai, Julai ningelipa."

Aliomba risiti. Alitaka binti yake aione. Mhasibu akaniuliza kwa sauti ya chini aandike malipo ya nini, maana mfumo haumtambui mwanafunzi. Nikachukua kitabu cha risiti nikaandika mwenyewe.

Mimi ni Mgogo. Nimezaliwa Bahi. Mvua yetu ni moja, huanza Desemba na kuishia Aprili, na Februari mara nyingi hukatika katikati mimea ikiwa imesimama magotini. Nimekula mlenda na ugali wa uwele kila Januari ya utoto wangu, nikijua ghala limebaki vumbi. Lakini nilipokaa kwenye kiti cha bodi nilikuwa na akili ya mtu anayepokea mshahara tarehe 23 ya kila mwezi. Kalenda ya ada yetu ilitengenezwa na watu wa mshahara kwa ajili ya watu wa mshahara. Mkulima wa mtama na alizeti ana hela Juni na Julai. Wa zabibu ana hela mara mbili, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, kwa sababu mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mfugaji anaweza kuuza mbuzi mnadani wakati wowote, ila Januari bei inaanguka kwa sababu kila mtu anauza. Sisi tulikuwa tunadai hela mwezi ambao haipo, kisha tunamwadhibu mtoto kwa kutokuwepo kwake.

Jambo la pili nililigundua kwa njia ya kihasibu kabisa. Matumizi ya dawa katika zahanati ya shule yalikuwa yamepanda sana Februari, na kamati ikaniomba nichunguze kama kuna wizi. Nikaomba daftari la wagonjwa. Sista muuguzi huandika tarehe, jina, kidato, anachoumwa, alichopewa. Nikapitisha kidole: kichwa, kichwa, tumbo, kichwa, kukosa usingizi, tumbo, kichwa. Kurasa nzima. Nikachukua orodha yangu ya wadaiwa nikaiweka kando. Zaidi ya nusu ya majina ya wiki zile mbili kabla ya tarehe 15 yalikuwa kwenye makaratasi yote mawili. Dawa haikuibwa. Ilimezwa.

Nikamuuliza Sista. Akanijibu taratibu, "Mama, mimi nawapa dawa ya kichwa. Lakini si kichwa kinachouma."

Na katika kikao kilekile cha Novemba 2018, nilipopitisha sentensi yangu, tulikuwa pia tumefuta nafasi ya mnasihi wa wanafunzi ili tupate hela ya kusakafia eneo la getini, wageni wa mahafali wasikanyage matope. Nilikuwa nimeandika pembeni ya mstari ule: si ya lazima.

Novemba 2019 nilirudi mbele ya bodi na makaratasi yale mawili. Sikuhutubia. Niliyazungusha mezani, kila mjumbe ayasome mwenyewe. Tulikaa kutoka saa tatu asubuhi hadi jua linazama. Tulikubaliana kwamba hakuna msichana atakayetoka getini kwa sababu ya deni. Deni ni la mzazi, na mzazi ndiye atakayeitwa. Kila familia mpya itaulizwa kwenye usaili inaishi kwa kazi gani na inapata hela miezi ipi, na ratiba ya malipo iandikwe kwa kufuata jibu hilo, isainiwe pande zote mbili. Na anayetaka kulipa kwa mazao alete mazao.

Hili la mazao lilitusumbua kuliko nilivyotegemea. Ghala letu lilikuwa dogo na paa lilivuja. Bei tulikubaliana iwe ya soko la Kibaigwa siku hiyo, na bado kulikuwa na ubishi juu ya mizani. Lakini kubwa zaidi ilikuwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mjumbe wetu mmoja aliyefanya kazi ya afya alikuwa shahidi wa hali ile. Aligoma kabisa: hakuna gunia litakaloingia jikoni bila kupimwa unyevu. Wengine tuliona anakuza jambo. Alikuwa sahihi. Tulinunua kipima unyevu, tukaweka kiwango cha asilimia 13.5, na msimu wa kwanza tuliwarudisha wazazi kadhaa wakaanike upya juu ya turubai. Walikasirika. Mama mmoja aliniambia mahindi hayohayo ndiyo wanakula nyumbani kwake. Nikakosa jibu, tukakaa naye tukamwonyesha punje zenye ukungu namna ya kuzichambua. Nadhani siku ile shule ilifundisha jambo ambalo halimo kwenye mtihani wowote.

Wazazi waliohamia Dodoma na Serikali, tangu uamuzi wa 2016 wa kuhamishia makao hapa, hawakupenda. Mmoja alisimama kwenye mkutano wa wazazi akauliza kwa nini yeye alipe Januari na mwingine Julai, ilhali watoto wanakaa bweni moja. Swali lilikuwa la haki na sitaki kulidharau. Padre mlezi wa shule alijibu kwa Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Elimu ya Kikristo, la Oktoba 1965, mahali linapowasihi wachungaji na waamini wasibane sadaka yao kwa shule za Kanisa, hasa kwa ajili ya walio maskini wa mali na wale waliokosa msaada na upendo wa familia. Ukumbi ulinyamaza. Lakini mimi niliona wengi wamenyamaza kwa heshima ya Padre, hawakuridhika, kwa hiyo nikasimama nikasema hesabu: familia iliyoandikiwa ratiba ya mavuno inalipa, iliyofukuziwa mtoto mara nyingi inamhamisha na deni linabaki kwetu. Hilo lilieleweka zaidi.

Halafu corona ikaja. Tarehe 17 Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa, na wanafunzi wetu walirudi tarehe 29 Juni. Ratiba yetu mpya ilikuwa na miezi mitatu tu. Wazazi wa mshahara walitaka warudishiwe hela ya chakula, walimu walitaka mishahara, na wakulima ndiyo kwanza walikuwa wanavuna. Ajabu ni kwamba mahindi ya wakulima wale ndiyo yaliyolisha shule ilipofunguliwa, kwa sababu akaunti ilikuwa tupu. Walimu waliumia mwaka ule. Wawili waliondoka, mmoja wao mwalimu wa fizikia ambaye hatujawahi kupata wa kufanana naye. Uamuzi wetu ulikuwa na gharama na waliolipa sehemu yake hawakuwa wajumbe wa bodi.

Nafasi ya mnasihi tuliirudisha 2021, kwa siku mbili za wiki, tukampata mwalimu mstaafu mwenye mafunzo ya unasihi. Tulimpa chumba kizuri kwenye jengo la utawala, kiti, meza, pazia. Miezi miwili hakuingia msichana. Ukiingia pale unaonekana na ofisi nzima, na mwalimu wa nidhamu yuko mlango wa pili. Yule mama akaomba ahamishiwe chumba cha zamani cha kuhifadhia ndoo, karibu na mabomba, mahali ambapo wasichana hufua Jumamosi. Huko mtu anaweza kukaa naye huku anasuuza sare, na hakuna anayejua wanazungumza nini. Wakaanza kuja. Sikuruhusiwa kujua wanasema nini, na ni vema. Alituletea bodi mambo ya jumla tu: kwamba maji ya kuoga hayatoshi siku za hedhi, ndoo moja kwa siku ni kidogo, kwamba orodha za wadaiwa kusomwa mstarini ziliwaua kwa aibu kuliko viboko, kwamba kidato cha pili wanaogopa mchujo.

La maji lilichukua mwaka, tukanunua matanki. La orodha lilichukua siku moja. La mchujo lilikuwa vita. Kama shule nyingi binafsi, tulikuwa na wastani wetu wa ndani, na aliyekuwa chini yake alikaririshwa au kuombwa kuhama, ili matokeo ya taifa yapendeze. Mwalimu wa taaluma alisema wazi kwamba tukiuondoa tutashuka. Tuliuondoa kwa shingo upande, na tulishuka kidogo. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo bila kutaja shule kumi bora, nilimwona Sista Mkuu akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na stadi za kazi, ambao mtaala mpya ulikuwa unauanzisha kidato cha kwanza Januari 2024, tuliujadili vikao viwili na tukaamua kusubiri. Wazazi wa mjini walitaka kompyuta, wa vijijini walitaka kilimo na ushonaji, na sisi hatukuwa na karakana wala mwalimu. Naamini tulifanya vema kusubiri kuliko kutundika bango.

Kikao changu cha mwisho kilikuwa Novemba 2023. Mjumbe mpya, mtu makini, mfanyabiashara, alileta pendekezo. Lilikuwa sentensi moja. Tarehe ilikuwa tofauti, ya Machi mosi, lakini nilitambua kila neno. Alieleza kwa upole kwamba kuna wazazi wanaotumia ratiba ya mavuno kama kichaka, wana maduka na bodaboda na bado wanadai wanasubiri alizeti. Ni kweli. Nawajua watatu kwa majina.

Tulipiga kura. Pendekezo lilikataliwa, watano kwa wanne. Sista Mkuu alipofunga kikao kwa sala, nilimfuata yule mjumbe nikamwambia sina ugomvi naye, kisha nikamwomba anisindikize zahanati. Sista muuguzi akatoa daftari la 2019, jalada limeshonwa kwa uzi. Nikalifungua Februari, nikaweka pembeni yake orodha ya wadaiwa niliyokuwa nimeitunza miaka yote hiyo kwenye bahasha.

Alivuta kiti. Nilipotoka kwenda kuwaaga wapishi alikuwa bado kwenye ukurasa wa kwanza, kidole juu ya jina, akitafuta jina hilohilo upande wa pili.